Diski ya Mama Godé na Mstari Nilioufuta

Mmeuona, basi. Nilidhani faili la vituko vya vifaa nitawaachia na hakuna atakayelisoma hadi mwisho, maana mimi nilipokuwa na umri wenu sikusoma kitu chochote hadi mwisho. Kumbe juzi mmoja wenu ananipigia simu kutoka karakana: "Tata Kazadi, kuko mustari moja ulifuta lakini haukuutosha. Pembeni uliandika 'uliza mbele'. Ni nini?" Nikamwambia kwa nini niliufuta bila kuutoa, nitamweleza kesho. Kesho ilipofika nikasema tena kesho. Sasa nimechoka kukwepa, nawaandikia wote pamoja, msiniulize mara nyingine.

Naandika nikiwa nimesimama. Mke wangu ameniwekea kiti karibu na dirisha, kiti kizuri chenye mto, na kila siku anakikuta baridi. Mtu aliyewahi kungoja treni kwa wiki nyingi huku amekalia mizigo yake hakai tena vizuri. Mwili unadhani ukitulia tu, treni itapita. Kwa hiyo nazunguka nyumba, naandika mistari miwili juu ya kabati, naenda kutazama mlango, narudi. Mkiona maneno yanaruka huku na huko, mjue ni miguu hiyo, kichwa bado kiko sawa.

Kwa atakayesoma hii bila kuwa wa kazi yetu: kompyuta haijui flashi ni nini. Ndani ya mfumo wake mna programu ndogo, tunaiita piloti, ambayo kazi yake ni kuzungumza na kifaa kilichochomekwa. Piloti huuliza kila kifaa maswali yale yale. Wewe ni nani? Una nafasi kiasi gani? Nipe kipande hiki, pokea kile. Kuna kitabu cha kanuni kinachoeleza kifaa kijibu vipi, na kuna viwanda vilivyotengeneza vifaa bila kukifungua kitabu hicho, au vilikifungua siku ya mwisho. Hapo ndipo vituko vinapozaliwa.

Nilipata flashi moja ya kijani iliyopokea mzigo mdogo bila taabu, lakini ukiipa mkubwa inazimia kabisa, hata taa yake inazimika. Dawa yake ni kuiandika kwenye faili na kumwagiza piloti: huyu mlishe kidogo kidogo. Nyingine iliandika kila kitu ulichoipa, kisha ikaripoti kwamba imebakiza nusu. Piloti anashtuka, anairudishia, inaandika tena, inaripoti tena imebakiza nusu, na wangeendelea kubishana hivyo hadi umeme wa bwawa la Nzilo ukatike na kuamua kesi. Huyo tunamwandikia: hesabu yake ya mabaki usiisikilize. Na zile modemu zilizojifanya kwanza sahani ya CD! Unachomeka modemu, mashine inakuambia imeona CD. Mpaka umwambie "toka", ndipo avue ile nguo na kuwa alivyo. Nilimwonyesha mke wangu, akasema anawajua wanaume wa namna hiyo.

Kabla ya kumwandika yeyote kwenye faili, badilisheni waya kwanza. Kisha pigeni brashi kavu kwenye tundu, maana vumbi letu jekundu linaingia hata mahali ambapo hewa haiingii. Kisha chomekeni nyuma ya mashine, matundu ya mbele mara nyingi hayapati umeme wa kutosha. Nusu ya vituko nilivyoletewa vilikuwa vumbi.

Nililipenda faili lile, ingawa sikuwahi kuwaambia. Kila mkorofi aliyemo ameandikiwa namna ya kupokelewa, ili na yeye apate nafasi mezani. Mtu wa historia yangu angeipenda tu kazi kama hiyo. Ndiyo maana mstari ule mmoja unaniuma hadi leo.

Ngoja nitazame mlango.

Nimerudi. Kazi nilifundishwa na Tata Ngoy, mkubwa wa chumba cha mashine katika kampuni ya mgodi hapa Kolwezi niliyoanzia nikiwa kijana. Flashi zilikuwa hazijazaliwa. Data ilikaa kwenye kanda, gurudumu lake kubwa kama sahani ya bukari, yaani ugali, ya watu wanne, na karatasi ilikuwa ndefu, haikatwi, yenye matundu pembeni pande zote mbili. Wiki yangu ya kwanza nilifunga kanda kinyumenyume, ikafunguka sakafuni yote, nami nikaikunja kwa mikono kama mama anayekunja uzi wa kufuma. Tata Ngoy alisimama mlangoni akinitazama hadi nilipomaliza. Kisha akaniambia kwa upole kwamba sasa naweza kuitupa.

Alikuwa Mprotestanti wa kaskazini mwa Katanga, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Printa yetu ilikuwa na kilema kimoja: herufi K ilikuwa imekatika mguu wa chini. Fikirieni, katika mji uliojaa akina Kabeya, Kasongo, Kalenga na Kazadi. Kila jina lilitoka likichechemea. Tulimwomba aagize herufi nyingine, akakataa. "Acheni tu," alisema. "Bantu batajua ni karatasi yetu."

Alikuwa na swali moja alilokuuliza kabla hujawasha mashine. "Uliza mbele, Kazadi. Hii karatasi, nani atasoma?" Mbele, kwa Kiswahili chetu cha hapa, maana yake ni kwanza. Kabla ya kupanga, kabla ya kuhesabu, kabla ya kuchapisha, uliza. Mimi niliona ni uzee. Mwenye haraka nilikuwa mimi, na mwenye mkono mwepesi nilikuwa mimi, na kila mtu ghorofani alijua.

Siku moja Tata Ngoy alikuwa nyumbani mgonjwa. Akaja bwana mmoja wa ofisi ya juu, akaomba orodha ya wafanyakazi wote ipangwe kwa asili. Hakutaka mahali mtu alipozaliwa, alitaka mahali alipotoka baba wa baba yake. Safu hiyo ilikuwemo kwenye kanda tangu zamani na hakuna aliyekuwa akiitumia. Sikumuuliza kitu. Kabla ya saa ya chakula orodha ilikuwa tayari, imekunjwa vizuri, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wote pamoja, mfululizo. Niliona humo jina la baba yangu, Kabeya Albert, mashinisti wa treni ya madini. Niliona na langu. Nikafurahi kwamba mpangilio umetoka sawa. Naliandika hilo kama lilivyokuwa: nilifurahi.

Tata Ngoy aliporudi kazini alikuta nakala ya kazi ile kwenye daftari la mashine. Akauliza nani aliomba, nikamtajia. Akauliza nani atasoma. Nikasema sikuuliza. Akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu.

Yaliyofuata mnayajua, kila nyumba kwa upande wake. Mgodi ulikuwa umeporomoka, kazi zinakwisha, na watu wakaambiwa kwamba wenye makosa ni Wakasai. Wenye kutufukuza wakapita barabara kwa barabara na karatasi mkononi. Tukajikuta kwenye gare, stesheni ya treni, na magodoro na masufuria, sisi tuliozaliwa Kolwezi, tunangoja treni ya kutupeleka "kwetu", mahali ambapo mimi sikuwahi kupaona hata kwenye picha. Godoro la mama yangu lililetwa gare na Tata Ngoy, amelibeba kichwani, mchana kweupe, mbele ya majirani zake waliokuwa wanapiga kelele. Mkisimuliwa miaka ile, mjue na hilo.

Tulingoja. Sitaki kueleza kungoja kule. Siku behewa lilipopatikana nafasi ilikuwa ya mama, wadogo zangu na mimi. Baba alisema atakuja na linalofuata, yeye ni mtu wa treni, anazijua tabia zake. Hakuja. Tukiwa Mwene-Ditu, huko Kasai, tulisikia kwamba homa ilimwua pale pale gare. Nani alimzika, na wapi, hakuna aliyetuambia. Mama yangu alikufa akiuliza.

Mimi nilirudi Kolwezi miaka baadaye, hali ilipotulia, lakini sikuuliza. Ningeanzia wapi? Nikimuuliza mtu baba yangu amelazwa wapi, na yeye si angeniuliza ile orodha ilitoka wapi? Nilipita karibu na gare mara elfu, na kila mara niliongeza mwendo.

Sasa Tenke, mji ambako niliuandika mstari ule.

Nilikuwa tayari mtu wa karakana yetu. Mnakumbuka tulivyoanza: tunachukua kompyuta zilizotupwa na maofisi, tunaziwekea mfumo huria usiohitaji ruhusa ya mtu, tunazipeleka shuleni. Shule moja ya Tenke ikatuita. Kila walipochomeka flashi walizogawiwa, mashine inaganda. Nikaenda.

Ugonjwa ulikuwa huu. Kumbukumbu ya flashi imegawanywa vipande vipande, kama viwanja kwenye avenyu, na namba zinaanza na sifuri. Mwenye viwanja kumi, namba yake ya mwisho ni tisa. Piloti anauliza: kipande chako cha mwisho ni namba ngapi? Flashi za Tenke zilikuwa zinajibu kumi. Zilitaja idadi mahali pa namba ya mwisho, kosa la mtu mmoja kiwandani. Na mfumo, kwa kuwa una desturi ya kuchungulia mwisho wa kila kifaa, unakwenda kugonga kwenye kiwanja cha kumi ambacho hakipo. Flashi badala ya kusema hakuna, inakufa kimya.

Dawa ni mstari mmoja. Unaandika namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa, halafu toleo, kutoka lipi hadi lipi, na mwisho agizo: huyu akitaja mwisho wake, punguza moja. Hapo kwenye toleo ndipo penye kazi. Unatakiwa ukusanye zenye ugonjwa, uchomeke moja moja, usome toleo la kila moja, uandike hayo tu. Nje dereva alikuwa amewasha gari na anapiga honi. Mnanijua mimi na usafiri unaongoja. Nikaandika kutoka sifuri nne hadi tisa nne, yaani toleo lolote, wote wa namba hii ni waongo, na nikafunga mashine. Ikafanya kazi. Walimu wakapiga makofi. Niliporudi Kolwezi nikauweka mstari ule kwenye mashine zote za karakana, nikajisifu kwamba nimewahi kurudi kabla ya mvua.

Mama Godé alikuja msimu wa mvua uliofuata. Ninyi mmemkuta mzee. Wakati ule bado alitembea kwa miguu kutoka parokiani, ambako alikuwa katibu tangu usichana wake. Alikuwa amefunga diski kwa kipande cha kitenge, na kitenge ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Akaiweka mezani, akaifungua polepole.

"Tata Kazadi," akasema, "humu muko bantu ya gare."

Nilimwomba arudie.

Akanieleza. Wiki zile za kungoja treni, yeye alikuwa msichana wa ofisi ya parokia. Kila asubuhi alipita kati ya mizigo akiandika: nani amezaliwa, nani amekufa, nani amezikwa wapi. Karatasi zile zilikaa kwenye kabati la parokia miaka yote. Mwishoni alizipiga picha moja moja kwa mashine tuliyomkopesha, akaziweka kwenye diski hii ambayo karakana ilimwandalia kabla sijaenda Tenke. Baadaye paa la ofisi likavuja na karatasi zikaoza. Kisha kompyuta ya parokia ikafa. Diski ilikuwa imeandaliwa kwa mfumo wetu, mashine nyingine za mjini haziwezi kuisoma, kwa hiyo ameileta kwangu.

"Familia banatoka mbali, banauliza," akasema. "Kama hii inakufa, bale bantu banakufa mara ya mbili."

Nilikuwa nahesabu moyoni: kama aliandika kila asubuhi, basi aliandika na asubuhi ile ya baba. Nikaichomeka diski haraka.

Haikufunguka. Mashine ikasema faili zilizomo zinadai nafasi kubwa kuliko diski yenyewe. Nikasoma namba ya mtengenezaji, nikasoma namba ya bidhaa. Namba za Tenke! Nikaona nimeshajua kila kitu.

"Hii ni ya bongo, Mama," nikasema. Bongo kwetu ni uongo. Ndugu zetu wa pwani wakisema bongo wanamaanisha akili, hata lugha ina vituko vyake. "Hii namba naijua. Yote ni ya bongo. Haijue urefu yake."

Nikaanzisha programu ya ukarabati. Programu ikasema urefu haukubaliani, ikaniuliza kama iendelee. Mwenye kazi hii anajua hatari iliyopo hapo: ukiruhusu ukarabati kwa urefu usio wa kweli, unaweza kuvuruga kilichokuwa kizima. Nilijua. Lakini nilikuwa tayari nimesimama, kiti kimekwenda nyuma, na kwa mtu kama mimi jibu baya la sasa lilionekana afadhali kuliko kungoja. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha ndiyo.

Mama Godé akaweka kiganja chake juu ya kibodi, chote, akifunika na mkono wangu.

"Ngoja. Uliiuliza, ao ulisoma tu jina yake?"

"Mama, hii namba..."

"Mi siulizi namba. Hii yenyewe, iko hapa mbele yako. Uliiuliza?"

Niliona aibu ikipanda hadi masikioni. Haikuwa sauti yake peke yake niliyoisikia, ilikuwa na ya Tata Ngoy, marehemu wakati huo, na miwani yake ya waya. Mimi niliyepangwa kwenye behewa kwa safu moja ya kanda, nilikuwa nimekaa Tenke na kuandika kwa mkono wangu kwamba wote wa jina fulani ni wamoja. Na sasa nilikuwa karibu kuivunja diski kwa kosa la flashi ambazo haijapata kukutana nazo.

Nikasimamisha ukarabati. Nikauzima mstari wangu, nikaitoa diski kwa utaratibu, nikaichomeka tena. Kisha nikaiomba kitu kimoja tu: kipande chake cha mwisho, kile kile ilichokitaja, peke yake, kusoma bila kuandika. Hivyo ndivyo mnavyopaswa kuuliza. Kikiwa kifaa cha uongo kitaganda, utakichomoa, hakuna kilichopotea. Kikiwa cha kweli kitajibu.

Ilijibu mara moja.

Dalili ilikuwepo tangu mwanzo, na hii iandikeni mahali mnapoiona kila siku. Idadi ya vipande kwenye diski nzima karibu kila mara inagawanyika kwa mbili. Mashine ilikuwa imeniandikia idadi isiyogawanyika, kwa sababu mstari wangu ulikuwa umekata kimoja ambacho diski inacho kweli. Kipande kimoja tu, na kwa sababu ya hicho kimoja, kila kitu kilifungwa. Niliiona ile namba nikaipita. Diski na flashi zilibeba namba moja lakini toleo tofauti kabisa, moja ilijua kuhesabu na nyingine haikujua.

Picha zikafunguka. Mama Godé akavuta kiti changu, akakikalia, mimi nikabaki nyuma yake. Ukurasa wa kwanza ulijaa mwandiko wake wa usichana, wa duara, wa shule ya masista. Lakini mimi sikuanza na majina. Niliona matundu, pande zote mbili za karatasi, yamepangana sawasawa. Na nyuma ya mwandiko wake, ukipenya hafifu kutoka upande wa pili, kulikuwa na mistari ya mashine iliyogeuka kinyume. Katika kila mstari, K zilikuwa zinachechemea.

Nilishika mgongo wa kiti.

"Mama, hii karatasi ulitosha wapi?"

"Kayé ya kuandikia ilikuwa hakuna," akasema bila kugeuka. "Bale bakubwa balipomaliza na liste yabo, baliitupa pale pale gare. Nikaokota. Upande moja ilikuwa bado mweupe."

Akaendelea kupekua. Hakuniuliza nataka jina gani. Alipita kurasa nyingi, akasimama, akaweka kidole kwenye kioo. Nikasoma: Kabeya Albert, mashinisti. Homa. Nyuma ya kichuguu kikubwa, safu ya tatu, wa nne.

"Ile liste ya mugongo ya karatasi," nikasema, "mi njo niliifanya."

"Najua."

"Ulijua wakati gani?"

"Siku ile ile niliokota. Ile K ya bureau yenu, nani hakuijua?"

Miaka mingapi tulikuwa tunasalimiana na mama huyu! Kwenye misa, sokoni, pale karakana alipokuja kukopa mashine ya picha. Nilisikia hasira, na ninakiri ilikuwa hasira ya mtu asiye na haki nayo.

"Na juu ya nini haukuniambia baba iko wapi?"

Ndipo akageuka. Hakuwa mkali. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba mzigo wa mwingine na anatafuta pa kuuweka.

"Haukuniuliza," akasema.

Siku ile ile nilinakili diski nzima kwenye diski nyingine mbili, za watengenezaji tofauti, na kurasa zote zikachapishwa kwa ajili ya parokia. Jambo lenye nakala moja lihesabuni kama halipo. Wiki iliyofuata nilirudi Tenke, nikaomba flashi zote, nikaketishwa mbele ya sanduku zima na nikauliza moja moja. Msinihesabie hilo neno "ketishwa", nilisimama. Zenye ugonjwa zilikuwa za matoleo mawili tu. Kulikuwa na nyingine katika sanduku lile lile, zenye rangi ile ile na namba ile ile, ambazo zilikuwa zinasema kweli tangu siku ya kwanza, na mstari wangu ulikuwa umezikata kipande kimoja kila moja. Niliandika mstari mpya wenye matoleo yale mawili. Ule wa zamani niliufuta kwa alama, nikauacha mahali pake ili niuone kila ninapofungua faili. Sasa mnauona ninyi. Msiutoe.

Jumapili baada ya misa Mama Godé alinipeleka makaburini. Ni mbele kidogo ya gare, kichuguu kipo bado, kikubwa kama nyumba, nyasi zimekifunika upande mmoja. Misalaba mingi imeanguka, lakini safu zinaonekana, matuta yake yamebaki. Nilitafuta safu ya tatu nikaipata, nikaanza kuhesabu kama nilivyohesabu maisha yangu yote: sifuri, moja, mbili, tatu, nne. Nikavua kofia, nikapiga magoti, nikaanza kumwambia baba yale niliyokuja kumwambia. Habari za ile karatasi. Habari za mkono mwepesi. Habari za mama. Nilikuwa nimefika mbali, nalia, Mama Godé akanivuta shati.

"Tata, ulipita. Huyu ni Mama Henriette, mama ya batoto sita. Wako ni huyu, nyuma yako. Shiye ba parokia tunaanziaka na moja."

Nilimwomba radhi Mama Henriette. Mama Godé alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, mabega yanamtetemeka, na sikujua kama anacheka au analia, na mimi pia nilikuwa hivyo hivyo. Nikarudi hatua moja. Niliyoyasema sikuyarudia, ilikuwa hatua moja tu, baba atakuwa ameyasikia.

Kisha nikakaa chini, kwenye udongo. Mama Godé alisema twende, jua limekuwa kali. Akasema tena baadaye, na mimi nilikuwa bado nimekaa.